Uganda: Jinsi ya kupata leseni ya kuendesha pikipiki ukiwa mkimbizi

Katika makazi ya Nakivale, Kyaka II, Kyangwali na Rwamwanja, boda boda ni kazi ya vijana wengi, wakimbizi na wenyeji. Ndiyo inayompeleka mama mjamzito kwenye kituo cha afya usiku, na ndiyo inayofikisha mahindi sokoni. Lakini wengi wanaoendesha hawana leseni, ambayo hapa Uganda watu huiita pamiti. Wengine wana kadi waliyonunua kwa mtu, na hawajui kama ni ya kweli.

Makala hii inaeleza hatua za kupata leseni yako mwenyewe kwa njia halali, makosa yanayowapotezea watu pesa, na kwa nini leseni ina uzito mkubwa zaidi siku ya ajali.

Mambo muhimu kwa ufupi

- Mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi na kupata leseni ya udereva Uganda.
- Leseni ya pikipiki ni ya daraja A. Ni lazima uwe umetimiza miaka 18.
- Hatua ni nne: leseni ya mwanafunzi, mafunzo, mtihani wa polisi, kisha leseni kamili.
- Majina kwenye karatasi zote yafanane na yaliyo kwenye kitambulisho chako cha mkimbizi.
- Malipo ya serikali hulipwa benki au kwa simu kwa kutumia namba ya malipo. Hayalipwi mkononi mwa mtu.

Je, mkimbizi ana haki ya kupata leseni?

Ndiyo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na biashara, na uhuru wa kutembea ndani ya nchi. Sheria ya barabarani nayo humwangalia dereva kama dereva. Mkimbizi na mwenyeji hufanya mtihani uleule, na wote hukamatwa kwa kosa lilelile.

Tofauti yao ni hati ya utambulisho. Raia wa Uganda hutumia kitambulisho cha taifa. Mkimbizi hutumia kitambulisho cha mkimbizi kinachotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, yaani OPM. Karatasi ya familia, ile ambayo Wakongomani wengi huiita atestasyo, ni muhimu kwa mambo mengi, lakini usiitegemee peke yake kwa leseni. Kama bado una cheti cha mwomba hifadhi, zungumza na OPM kabla ya kulipa chochote.

Kabla ya yote: angalia kitambulisho chako

Hili ni jambo dogo linaloharibu safari za wengi. Toa kitambulisho chako na usome kila herufi: jina la kwanza, jina la pili, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Wengi waliandikishwa walipofika mpakani wakiwa wamechoka, na jina likaandikwa kama lilivyosikika. Mwingine ana majina matatu Kongo, lakini kitambulisho kina mawili. Mwingine jina la baba limetangulia. Tuseme cheti chako cha chuo cha udereva kina majina matatu na kitambulisho kina mawili. Ofisi ya leseni inaweza kukurudisha, na nauli yako imekwenda bure.

Kwa hiyo:

- Kama jina au tarehe imekosewa, omba OPM wairekebishe kabla hujaanza. Usisubiri mpaka leseni itoke.
- Kama hakuna kosa, jiandikishe kila mahali kwa majina yaleyale, kwa mpangilio uleule, hata kama mtaani watu wanakuita jina lingine.
- Kama kitambulisho kinakaribia kuisha, kihuishe kwanza.
- Usiongeze umri wako ili upite. Tarehe iliyo kwenye kitambulisho ndiyo itakayosomwa.

Hatua ya kwanza: leseni ya mwanafunzi

Sheria hairuhusu mtu kujifunza barabarani bila leseni ya mwanafunzi. Hii hutolewa na mfumo wa leseni za udereva wa serikali, unaojulikana kama UDLS, chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Mfumo huo una ofisi Kampala. Zipo pia ofisi katika miji mingine, ikiwemo Mbarara, Gulu na Mbale. Kwa mtu wa Nakivale, Mbarara ndiyo iliyo karibu zaidi.

Malipo hufanywa hivi. Unaingia kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, yaani URA, unajaza maelezo ya leseni unayoomba, na unapewa namba ya malipo inayoitwa PRN. Kwa namba hiyo unalipa benki au kwa pesa ya simu. Kama huna intaneti, duka la huduma za kompyuta linaweza kukujazia. Kaa pale, soma jina lako na daraja la leseni kabla hajabonyeza kitufe cha mwisho, na uondoke na karatasi yenye PRN. Anayekusaidia ana haki ya kulipwa kazi yake, lakini pesa ya serikali ilipwe kwa PRN.

Ada hubadilika, kwa hiyo angalia kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi ya PRN. Hicho ndicho kiasi halali. Mtu akikutajia zaidi, muulize zilizozidi ni za nini.

Ofisini utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Ni lazima uwepo mwenyewe. Mtu akikuambia “wewe baki kambini, nitakuletea kadi”, jiulize ataweka vidole vya nani.

Hatua ya pili: mafunzo

Chagua chuo cha udereva chenye kibali cha serikali, na omba kukiona kibali hicho. Uliza maswali haya kabla ya kulipa:

- Mafunzo ni ya siku ngapi, na nitakaa juu ya pikipiki saa ngapi?
- Je, bei inajumuisha mafuta, pikipiki ya mtihani na cheti?
- Mwalimu anazungumza lugha gani?
- Nikishindwa mtihani, nitalipa nini tena?

Dai risiti kwa kila malipo. Kama mko vijana kadhaa mnaotaka kujifunza, nendeni pamoja. Kikundi kina nguvu ya kujadili bei, na mwalimu anaweza kukubali kuja kwenye makazi badala ya ninyi kulipa nauli kila siku.

Unapojifunza barabarani weka kibao chenye herufi L nyekundu kwenye pikipiki, na usibebe abiria.

“Mimi naendesha tangu Kongo. Kwa nini nijifunze tena?”

Swali hili ni la haki. Wapo watu waliobeba mizigo kati ya Bukavu na Uvira miaka kumi, na mikono yao inaijua pikipiki kuliko mwalimu. Lakini kuna jambo ambalo uzoefu huo hausaidii, na wakati mwingine hudhuru.

Kongo, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini watu huendesha upande wa kulia. Uganda, kama Kenya na Tanzania, ni upande wa kushoto. Barabara ikiwa na magari mengi, ni rahisi kukumbuka kwa sababu unafuata wengine. Hatari iko asubuhi na mapema, barabara ikiwa tupu, au unapotoka dukani na mawazo yako yako kwa abiria. Hapo mkono unarudi kwenye mazoea ya nyumbani. Hatari ni hiyohiyo pale unapokutana ghafla na gari kwenye kona, maana mwili unataka kukwepa kulia.

Fanya mazoezi haya mpaka yawe mazoea mapya:

- Kila unapowasha pikipiki, sema moyoni: kushoto.
- Unapovuka au kuingia barabara kubwa, tazama kulia kwanza, kisha kushoto, kisha kulia tena. Gari la kwanza kukufikia linatoka kulia.
- Kwenye mzunguko, pita kwa kuelekea kushoto na uwape nafasi waliomo tayari, wanaotoka kulia kwako.
- Ukikata kulia, unakatiza njia ya wanaokuja. Weka indiketa mapema, tazama nyuma, subiri.
- Unampita aliye mbele yako kwa upande wake wa kulia. Usijipenyeze kushoto kwake.

Kama una leseni ya Kongo au ya nchi nyingine, itunze na uionyeshe ofisi ya leseni. Lakini kabla ya kuibadilisha, ofisi hutaka ithibitishwe kuwa ni ya kweli. Kama uthibitisho huo unakutaka uende ubalozi wa nchi uliyoikimbia, usiende kabla ya kupata ushauri wa OPM au UNHCR, kwa sababu jambo hilo linaweza kugusa hifadhi yako. Kwa wengi, kuanza upya na leseni ya mwanafunzi ndiyo njia fupi na salama.

Hatua ya tatu: mtihani wa polisi

Mtihani husimamiwa na mkaguzi wa magari wa polisi, ambaye watu humwita IOV. Ukifaulu unapewa cheti cha umahiri. Cheti hicho ndicho mlango wa leseni kamili.

Jiandae kwa mambo mawili. La kwanza ni maswali: alama za barabarani, nani apite kwanza kwenye makutano, mwendo unaoruhusiwa. Mjini na kwenye vituo vya biashara kikomo cha kawaida ni kilomita 50 kwa saa, na mahali palipowekwa kibao cha chini ya hapo unafuata kibao. Maswali mara nyingi huwa kwa Kiingereza. Mwombe mwalimu akufundishe majina ya alama kwa Kiingereza hata kama mafunzo ni kwa Kiswahili, na uulize mapema kama unaweza kujibu kwa Kiswahili.

La pili ni kuendesha. Jizoeze kuondoka bila kushtua klachi, kwenda polepole sana bila kugusa chini kwa mguu, kupita kati ya vibao au kuchora namba nane, kusimama mahali ulipoambiwa, na kuondoka mlimani bila kurudi nyuma. Waendeshaji wazoefu mara nyingi hushindwa kwenye mwendo wa polepole, kwa sababu kazini huenda haraka tu. Wengine hushindwa kwa kusahau kutazama nyuma kabla ya kukata kona.

Breki pia huangaliwa. Tumia zote mbili. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kwenye lami, lakini ukiibana ghafla kwenye murramu, mchanga au tope, gurudumu la mbele linateleza na unaanguka. Barabara nyingi za makazi ni za murramu, kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kona, na usisubiri kufunga breki ukiwa ndani ya kona.

Fika na pikipiki iliyo nzima: taa, indiketa, honi, vioo, tairi zenye meno. Vaa viatu vilivyofungwa na kofia ngumu iliyofungwa kidevuni.

Ukishindwa, uliza umekosea wapi na uliandike. Si aibu. Kuna anayefaulu mara ya pili na kuendesha vizuri kuliko aliyenunua cheti siku ya kwanza.

Hatua ya nne: leseni kamili

Ukiwa na cheti cha umahiri, rudi kwenye mfumo wa URA, pata PRN mpya na ulipe. Unaweza kuchagua leseni ya mwaka 1, miaka 3 au miaka 5. Ya muda mrefu inagharimu zaidi kwa mara moja, lakini ukigawanya kwa miaka ni nafuu, na unaokoa nauli za kwenda kuhuisha. Kama kipato chako ni cha siku kwa siku, ya mwaka 1 bado ni leseni kamili. Bora hiyo kuliko kukaa bila.

Nenda ofisi ya UDLS na:

- kitambulisho cha mkimbizi, halisi na nakala
- leseni ya mwanafunzi
- cheti cha chuo cha udereva
- cheti cha umahiri kutoka kwa mkaguzi wa polisi
- fomu ya afya iliyojazwa na daktari, ikiwemo kipimo cha macho
- risiti ya malipo

Piga picha ya kila karatasi kwa simu kabla ya kuikabidhi. Kabla ya kuondoka na kadi, soma jina, tarehe na daraja: lazima iandikwe A. Leseni ya daraja B ni ya gari dogo na haikuruhusu kuendesha pikipiki.

Jihadhari na wanaouza leseni

Nje ya ofisi nyingi kuna watu wanaosema, “Nipe pesa, kesho una pamiti.” Baadhi wanachukua pesa na kupotea. Wengine wanaleta kadi inayofanana na ya kweli, lakini haimo kwenye mfumo. Polisi akiingiza namba yake na isionekane, kosa si tena kuendesha bila leseni tu. Unaweza kushtakiwa kwa kuwa na hati ya kughushi, na hiyo ni kesi ya jinai ambayo inaweza kukufuata kwa miaka.

Jambo la kukumbuka ni hili: kila karatasi halali inazaliwa na karatasi iliyoitangulia. Leseni ya mwanafunzi, cheti cha chuo, cheti cha umahiri, risiti. Mtu anayekupa ya mwisho bila zilizotangulia amekuuzia deni.

Kwa nini usisubiri: siku ya ajali

Wengi hufikiri leseni ni ya kumwonyesha polisi kizuizini. Kazi yake kubwa inaonekana siku mtu akiumia.

Tuseme gari limekugonga, na kosa ni la dereva wa gari. Una haki ya kudai matibabu na fidia kupitia bima yake. Lakini kama huna leseni, swali la kwanza litakuwa kwa nini ulikuwa barabarani. Kesi uliyokuwa nayo mkononi inageuka, na mara nyingi unashawishiwa kukubali pesa ndogo na kunyamaza. Na kama wewe ndiye uliyemgonga mtoto wa jirani, kampuni ya bima ya pikipiki yako itakuwa na sababu ya kukataa kulipa. Gharama zinakuja kwako, kwa familia yako, na wakati mwingine zinakuwa ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji ambao ulianza na watu wawili tu.

Ajali ikitokea: simama, msaidie aliyeumia, piga 999 au 112. Usikimbie. Kama unaogopa umati, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu na ujieleze. Andika namba za magari na majina ya mashahidi. Usisaini karatasi usiyoielewa, omba mkalimani.

Baada ya leseni: kabla ya kubeba abiria

Leseni inathibitisha kuwa unajua kuendesha. Pikipiki nayo ina mahitaji yake: kadi ya usajili, namba halali na bima ya mtu wa tatu ambayo haijaisha. Kama pikipiki ni ya tajiri wako, beba nakala ya kadi na mkataba wenu wa maandishi unaoonyesha hesabu ya kila siku na nani analipa matengenezo.

Ili kufanya kazi kwenye steji, nenda kwa mwenyekiti wa steji ukiwa na leseni na kitambulisho. Uliza ada ya kujiunga ni kiasi gani na inaleta faida gani. Dai risiti. Kama unaona unatozwa zaidi kwa sababu wewe ni mkimbizi, au mwenyeji anakataliwa steji iliyo ndani ya makazi, pelekeni jambo kwa viongozi wa pande zote mbili, mwenyekiti wa LC1 na wa RWC1, kabla halijawa ugomvi.

Kazini, kofia ngumu ni lazima kwako na kwa abiria, kwa kanuni za mwaka 2004. Abiria anayeruhusiwa ni mmoja tu. Polisi akikusimamisha kwa kosa, una haki ya kuambiwa kosa na kupewa karatasi ya faini. Faini hulipwa benki.

Unahitaji msaada?

- Kitambulisho chenye kosa au kilichopotea: dawati la OPM kwenye makazi yako. Kikipotea, ripoti kwanza polisi upewe barua.
- Umetapeliwa au umedaiwa rushwa, au unahitaji ushauri kuhusu haki zako: piga bure 0800 323 232, laini ya malalamiko na maoni ya wakimbizi Uganda.
- Hujui kusoma Kiingereza: mwombe mtu unayemwamini akusomee fomu yote kabla ya kusaini, hata kama foleni ni ndefu.

Mpelekee makala hii kijana yeyote wa steji anayejiandaa kununua pikipiki. Pesa ya leseni iwekwe kando kabla ya ile ya kuwalipa mafundi kupamba pikipiki.